Uzoaji wa seli za kinga zinazokufa katika mafua: uchague kipimo cha sahani, cha kudondosha puani, au cha panya mwenye alama?

Pafu lililovamiwa na virusi vya mafua hujaa maiti za seli kwa muda mfupi. Nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazotangulia kufika kwenye ambukizo, huwasili kwa wingi siku ya 2 au ya 3, haziishi sana, zinafia humohumo. Seli T za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa, hufika kilele kati ya siku ya 8 na ya 10, na virusi vikishaondoka asilimia 90 hadi 95 yake hufa pia. Maiti hizo humezwa na makrofaji (seli walaji za kinga) na seli za dendriti (walaji wanaoonyesha seli T vipande vya walichokula), kazi inayoitwa eferositosi, neno lililotokana na Kilatini lenye maana ya kupeleka kaburini. Nani amemeza, amemeza nini, na siku gani: hayo ndiyo huamua iwapo pafu litatulia, litazidi kuumia, au litabaki wazi kwa bakteria wanaofuata.

Anayetaka kupima kazi hiyo kwa panya ana njia tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni kulisha makrofaji seli mfu kwenye sahani. Ya pili ni kudondosha seli mfu zilizopakwa rangi puani mwa panya aliyeambukizwa, kisha kuosha mapafu. Ya tatu ni kutumia panya ambaye seli zake zenyewe zina protini ya kung'aa, ukasubiri zife zenyewe na kuangalia nani kazibeba. Njia hizi hazijibu swali moja. Lakini kama una nafasi ya jaribio moja tu na swali lako linahusu kinga ndani ya pafu, anza na ya pili. Sababu zinakuja.

Sahani: nafuu, ya haraka, na rahisi kukudanganya

Chakula, yaani seli mfu, kinachotumika zaidi ni seli za tezi ya thaimasi. Panya mmoja wa wiki 4 hadi 6 hutoa takriban milioni 100 hadi 200, na deksamethasoni ya 1 µM kwa saa 4 hadi 6 kwenye 37 °C huziingiza nyingi kwenye apoptosi (kufa kwa utaratibu). Ukitaka nyutrofili, za uboho wa panya au za damu ya binadamu, hazihitaji dawa yoyote: ziache kwenye kiangulio kwa saa 18 hadi 24 zitakufa zenyewe. Usizidishe hapo, kwa sababu utando huanza kupasuka na unakuwa unalisha seli zilizooza badala ya seli zilizokufa kwa utaratibu.

Kabla ya kulisha, hakiki kwa aneksini V, protini inayoshika fosfatidilserini (mafuta ya utando ambayo seli inayokufa huyageuzia nje), pamoja na rangi isiyopenya utando mzima, kama 7-AAD. Bafa ya aneksini lazima iwe na kalsiamu ya 2.5 mM. Zinazofaa ni zile zenye aneksini bila 7-AAD. Zenye zote mbili zikizidi asilimia 10 hivi, tupa na uanze upya. Na aneksini peke yake haithibitishi apoptosi. Virusi vya mafua huweza pia kuua seli kwa nekroptosi (kufa kwa kupasuka), kupitia protini za ZBP1, RIPK3 na MLKL, na seli ya namna hiyo nayo huonyesha fosfatidilserini nje kabla haijapasuka. Ongeza kipimo cha kaspasi 3 iliyokatwa, kimeng'enya kinachoamka katika apoptosi.

Kisha: seli mfu 5 kwa makrofaji 1, dakika 45 hadi 60 kwenye 37 °C, na kando yake visima viwili vya ulinganisho, kimoja kwenye 4 °C na kingine chenye saitokalasini D (dawa inayozuia kumeza) iliyotangulia kwa dakika 30. Osha mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi yenye EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu) ya 2 mM ili zilizogandamana nje zibanduke.

Makosa yanayoharibu matokeo hapa ni machache, ila yanajirudia. Deksamethasoni iliyobaki kwenye chakula huchochea makrofaji zenyewe kumeza zaidi, kwa hiyo seli za thaimasi zioshwe mara tatu, na kisima cha ulinganisho kipewe maji ya mwosho wa mwisho. Seramu nayo ni kiungo cha jaribio, si lishe tu: vipokezi vya MerTK na Axl havishiki maiti moja kwa moja, vinahitaji daraja la Gas6 au protini S, na daraja hilo halisimami bila kalsiamu. Anayelisha kwenye maji yasiyo na seramu, au aliyeacha EDTA ndani ya kisima kwa kusahau, atapata umezaji mdogo na kudhani kagundua jambo. Seramu iliyopashwa moto 56 °C kwa dakika 30 nayo imepoteza komplementi (protini za kinga za damu), pamoja na C1q inayosaidia kunasa maiti.

Kasoro kubwa zaidi ya sahani ni makrofaji zenyewe. Zile za uboho zilizokuzwa kwa M-CSF (kichocheo cha ukuaji) siku 7 si ndugu wa karibu wa makrofaji za vifuko vya hewa, ambazo huishi kwa kutegemea kichocheo kingine, GM-CSF. Za vifuko vya hewa humeza polepole kuliko za tumboni, kwa sehemu kwa sababu protini A na D za safaktanti (utando wa mafuta na protini unaofunika vifuko vya hewa) huzizuia kupitia kipokezi cha SIRPα. Kwenye sahani breki hiyo haipo. Unaweza kuvuna makrofaji halisi za mapafu, lakini panya mzima hutoa laki 1 hadi 5 tu, na aliyeambukizwa huenda asikupe hata hizo.

Sahani inafaa basi kwa swali la aina hii: kipokezi fulani kinahitajika au hakihitajiki? Dawa fulani inazuia kumeza au inazuia kusaga? Haifai kabisa kwa swali la nini hutokea siku ya 7.

Kudondosha: kipimo cha uwezo ndani ya pafu lenyewe

Hapa makrofaji zinabaki kwao, pamoja na safaktanti, usaha na virusi, nawe unaleta chakula. Kiasi kinachofanya kazi ni seli mfu milioni 10 katika PBS µl 50, zikidondoshwa taratibu puani mwa panya aliyelazwa usingizi barabara. Ukitumia µl 25 sehemu kubwa itaishia puani. Panya akiwa hajalala vizuri atameza tumboni au kupiga chafya. Baada ya saa 1 hadi 2 osha mapafu mara 3 hadi 5 kwa ml 0.8 hadi 1 ya PBS yenye EDTA ya 2 mM. Makrofaji hung'ang'ania kuta, hivyo mwosho wa kwanza peke yake haukuwakilishi.

Ujanja unaotofautisha jaribio zuri na bovu ni huu: chukua seli mfu za panya wa CD45.1 na uzidondoshe kwa panya wa CD45.2; hayo ni matoleo mawili ya protini ileile iliyo usoni mwa seli nyeupe. Baada ya kuosha, paka kingamwili ya CD45.1 bila kutoboa utando. Makrofaji yenye rangi ya chakula lakini isiyo na CD45.1 imemeza kweli. Yenye vyote viwili ina maiti iliyoganda nje, au ni seli mbili zilizopita pamoja kwenye saitometa (mashine inayosoma rangi za seli moja moja). Bila hatua hii, idadi kubwa ya "waliomeza" huwa ni wabebaji tu.

Rangi ichaguliwe kwa kuangalia macho ya saitometa. Makrofaji za vifuko vya hewa hung'aa zenyewe, hasa kwenye kijani cha leza ya 488, kwa hiyo CFSE, rangi ya kijani, ni chaguo baya hapa ingawa ni ya kawaida kwingine. Rangi za wekundu wa mbali zinazosomwa kwa leza ya 640 hukupa mandhari safi zaidi. PKH26 hukaa kwenye utando, hutengeneza vibonge, na huhamia seli jirani bila chochote kumezwa, iepuke.

Rangi zinazowaka kwenye asidi, kama pHrodo na CypHer5E, zinapendwa kwa sababu maiti iliyo nje haiwaki. Zina mtego ambao wengi hawaufikirii. Seli za dendriti zinazoonyesha antijeni kwa seli T za CD8 huacha kifuko cha mlo kikae karibu na hali ya wastani kwa muda, ili zisiisage antijeni mapema mno. Kwa hiyo rangi ya asidi hupunguza hesabu ya seli zilezile zinazoanzisha kinga ya CD8, huku makrofaji, zinazosaga haraka, zikionekana mashujaa. Paka chakula rangi mbili, moja ya asidi na moja isiyojali asidi, usome uwiano wake.

Utambulisho wa walaji nao hubadilika katikati ya ugonjwa. Siku ya 0 mlango, yaani alama za uso unazotumia kutenga kundi la seli kwenye saitometa, ni rahisi: SiglecF juu, CD11c juu, CD64, CD11b chini. Kwa panya wa BALB/c sehemu kubwa ya makrofaji hizo hupotea ndani ya wiki ya kwanza ya mafua; kwa C57BL/6 upotevu ni mdogo zaidi. Nafasi huzibwa na seli zitokanazo na monosaiti (seli nyeupe za damu zinazogeuka makrofaji), zenye CD11b na SiglecF hafifu. Ukishikilia mlango wa siku ya 0 hadi siku ya 9, unalinganisha watu wawili tofauti ukidhani ni mmoja aliyechoka. Ripoti asilimia ya waliomeza pamoja na idadi yao kamili, kwa kila kundi.

Kuna udhaifu wa aina mbili usioondoka. Kwanza, maji ya kudondosha hufuata njia zilizo wazi, ilhali vipande vya pafu vilivyoziba kwa usaha, ndiko kwenye vifo vingi, havifikiwi. Pili, makrofaji ya siku ya 8 tayari ina tumbo limejaa. Ikikataa mlo wako huenda imeshiba, wala haijapoteza uwezo. Ili kutenganisha hayo mawili, dondosha pia shanga za lateksi za ukubwa wa µm 2 hivi kwa kundi jingine. Zikimezwa kama kawaida wakati seli mfu zinakataliwa, tatizo liko kwenye kutambua maiti.

Ukihitaji seli za dendriti au makrofaji za ndani ya tishu, kuosha hakutoshi. Itabidi usage pafu kwa kolajenasi dakika 30 hadi 45 kwenye 37 °C. Kumbuka kwamba kwenye joto hilo walaji wanaendelea kula ndani ya mrija. Chukua pafu ambalo halikudondoshewa kitu, changanya na seli mfu za rangi mwanzoni mwa usagaji, na utakachosoma humo ndicho cha kutoa kwenye matokeo yako.

Panya mwenye alama: ukweli wa kilichotokea, kwa gharama ya muda

Hapa huleti chakula. Unamtumia panya ambaye nyutrofili zake zina tdTomato (protini nyekundu ya kung'aa), kwa mfano kupitia kimeng'enya cha Cre kilichofungwa kwenye jeni ya Ly6G, alama ya nyutrofili, unamwambukiza, kisha unatafuta wekundu huo ndani ya makrofaji. Kwa seli T, hamishia seli 1,000 hadi 10,000 za OT-I (seli T zinazotambua kipande cha ovalbumini, protini ya yai) zenye alama na utumie virusi vya mafua vilivyowekewa kipande hicho. Ukihamishia milioni moja, ushindani wa antijeni hupotosha mwitikio na kiwango cha kufa, na maiti utakazohesabu ni za hali uliyoitengeneza mwenyewe.

Aina ya protini huamua unasoma nini. GFP, ya kijani, hufifia kwenye asidi, hivyo hukuonyesha walioanza kula muda mfupi uliopita na kuwapoteza wengine. tdTomato huvumilia asidi na kukaa muda mrefu, hivyo hukupa jumla ya siku kadhaa. Hakuna iliyo bora. Anayelinganisha siku ya 5 na siku ya 10 kwa tdTomato ajue kwamba siku ya 10 ina deni la siku za nyuma.

Wekundu ndani ya makrofaji pia si ushahidi wa maiti. Walaji huweza kung'ata kipande cha seli iliyo hai, au kupokea vijifuko vilivyomwagwa nayo. Hakikisha kwa hadubini: tafuta kiini kilichovunjika au kaspasi 3 iliyokatwa ndani ya makrofaji ileile. Kwenye vipande vya tishu, hesabu maiti zilizo ndani ya makrofaji na zilizo huru, uweke uwiano. TUNEL, inayopaka DNA iliyokatika, husaidia, ingawa hupaka pia seli zilizokufa kwa njia nyingine. Na maiti huru zikiongezeka, usikimbilie kusema uzoaji umedorora. Huenda wafu wameongezeka na wazoaji ni walewale.

| | Sahani | Kudondosha | Panya mwenye alama |
|---|---|---|---|
| Hupima | Utaratibu wa kumeza | Uwezo wa pafu kwa saa hiyo | Kilichomezwa kweli |
| Muda | Siku 1 hadi 2 (siku 9 kama unakuza makrofaji) | Saa chache juu ya siku za ambukizo | Miezi, ukihesabu uzalishaji wa panya |
| Hukosea hasa kwa | Makrofaji zisizo za pafu | Ugawanyaji usio sawa na walaji walioshiba | Kung'atwa kwa seli hai |
| Seli za dendriti | Vigumu kuziwakilisha | Ndiyo, ukisaga pafu | Ndiyo, hadi kwenye tezi za limfu |

Safu ya mwisho ya mstari wa mwisho ndiyo inayoweza kuhalalisha gharama. Seli za dendriti za CD103 hubeba mabaki ya seli zilizokufa kutoka pafuni hadi kwenye tezi za limfu za kifua na huko huwasha seli T za CD8. Kudondosha kunaweza kukuonyesha seli mfu za kigeni zikibebwa. Panya mwenye alama ndiye atakayekuonyesha maiti za nyutrofili au seli T za ugonjwa wenyewe zimefika huko au la.

Kuzuia kumeza ili kuona matokeo ya kinga

Kupima peke yake hakuonyeshi kwamba uzoaji unabadili kinga. Lazima uuzuie, na hapa ndipo hitimisho nyingi hupotea njia. Panya asiye na Axl ana shida mbili kwa mpigo: humeza pungufu, na pia amepoteza breki ya interferoni za aina ya 1 (ishara za kupambana na virusi), kwa sababu vipokezi vya kundi la TAM (Tyro3, Axl na MerTK) huzima ishara hizo kupitia protini za SOCS1 na SOCS3. Interferoni ikipanda, hujui uilaumu maiti iliyobaki au breki iliyokatika. Panya asiye na MerTK hupofuka taratibu retina inapoharibika, na baadhi ya koo zake hubeba jeni jirani za uzao mwingine kwenye kromosomu ya 2, ambako Tyro3 pia ipo. Tumia ndugu wa tumbo moja kama kundi la ulinganisho, si panya wa kununuliwa.

Aneksini V ikidondoshwa puani hufunika fosfatidilserini na hukuruhusu kuchagua siku, jambo ambalo panya aliyekosa jeni hakupi. Njia ya kuzuia umezaji imewahi kuongeza vifo vya panya wenye mafua, kwa hiyo athari si ya kufikirika. Liposomu za klodronati (vijifuko vya mafuta vyenye dawa) ni chaguo la mwisho: zinaua makrofaji, makrofaji hizo zenyewe zinakuwa maiti za kuzolewa, na nyutrofili huitwa upya. Unakuwa umeongeza taka na kumwondoa mzoaji kwa wakati mmoja.

Iwe njia ipi, dirisha liwe finyu. Kuzuia siku ya 1 hadi ya 4 hugusa nyutrofili na uwashaji wa seli T. Kuzuia siku ya 9 hadi ya 12 hugusa maiti za seli T na utulizaji. Ukizuia mfululizo siku zote, matokeo mawili yanayopingana yanaweza kufutana na ukaandika kwamba hakuna athari.

Cha kupima baada ya hapo

Virusi: hesabu plaki (madoa ya seli zilizouawa na virusi) kwenye seli za MDCK zenye tripsini ya TPCK, siku ya 3, 6 na 9. Uzito: chagua kipimo cha virusi kinachoshusha asilimia 15 hadi 20 kufikia siku ya 8, kwa sababu panya wakifa siku ya 7 utabaki na walionusurika tu. Seli T: tetrama za H-2Db zenye NP366–374 na PA224–233 (molekuli zinazoshika seli T zinazotambua vipande hivyo vya virusi vya mafua). Dakika 3 hadi 5 kabla ya kumaliza, choma µg 3 za kingamwili ya CD45 kwenye mshipa; zisizopakwa ndizo zilizo ndani ya tishu, na seli T za kumbukumbu zinazokaa pafuni, zenye alama za CD69 na CD103, zisomwe siku ya 30 au zaidi.

Usiache kupima prostaglandini E2 (PGE2) kwenye maji ya mwosho. Makrofaji iliyotoka kumeza maiti hutoa PGE2, TGF-β na IL-10, ishara za kutuliza kinga. Mchanganyiko huo huponya tishu, lakini PGE2 kupitia kipokezi cha EP2 hupunguza uwezo wa makrofaji kuua bakteria. Weka indomethasini ya 10 µM kwenye maji ya kuoshea, la sivyo seli zitaendelea kuitengeneza mrijani. Kisha ambukiza kundi moja kwa nimonia ya pneumokoka siku ya 7, wakati ambapo pafu lenye mafua ni dhaifu sana. Matibabu yanayoharakisha uzoaji yanaweza kumfanya panya apone mafua vizuri na afe kwa bakteria, na jaribio lisilo na hatua hii litayaita mafanikio.

Neno moja kuhusu chakula chenyewe. Seli ya thaimasi haina virusi. Nyutrofili iliyokufa ndani ya pafu lenye mafua inaweza kuwa imemeza virusi au vipande vya seli zilizoambukizwa, na mlo wa namna hiyo hauleti utulivu uleule. Kwa SARS-CoV-2 imeonekana kwamba makrofaji zikimeza seli zinazokufa zenye virusi hutoa IL-6 na IL-1β, ishara za uvimbe, badala ya kutulia, na baadaye humeza maiti nyingine pungufu. Kwa hiyo katika njia ya kudondosha tumia makundi mawili ya chakula, seli safi na seli zilizokufa kwa ambukizo, zote zikitayarishwa ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia kwa kuwa kundi la pili bado hubeba virusi hai.